Seli kwenye sahani, ini zima kwenye pampu, au panya hai: uchague ipi kusoma ini lililokatiwa damu na kurudishiwa?

Wadogo zangu wanaoanza masta ya fiziolojia na famasia wananiuliza hili swali kila mwaka, na kila mara najibu tukiwa tumesimama mlangoni, alafu nusu ya nilichotaka kusema nakisahau, kwa hiyo leo naandika lote. Mtu anataka kusoma jinsi seli za ini zinavyoumia damu ikikatika na kurudi, ana miezi kumi na hela kidogo, na mbele yake kuna njia tatu: seli kwenye sahani, ini zima lililotolewa mwilini likapitishiwa maji kwa pampu, au panya hai anayebanwa mshipa na kufunguliwa. Kila moja ina watu wanaoiapia. Mi nimeshika zote tatu kwa mikono yangu na nitakwambia nilichokiona kwenye kila moja.

Kwanza kwa nini tunahangaika na hili jambo. Mama anavuja damu baada ya kujifungua, presha inazama, anaongezewa damu, presha inapanda, kila mtu anashusha pumzi, alafu kesho yake vipimo vya ini vinarudi ALT (enzaimu inayovuja kwenye damu seli za ini zikiumia) ikiwa kwenye maelfu. Ini lilinyimwa damu jana, na jeraha limeonekana baada ya damu kurudi. Daktari wa upasuaji anayekata uvimbe kwenye ini naye anabana mishipa inayoingia ili mgonjwa asimwage damu, ujanja ulioandikwa na James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908 na mpaka leo unatumika, mara nyingi kwa vipindi, dakika 15 umebana, dakika 5 umeachia. Na ini la kupandikizwa linakaa kwenye barafu masaa kadhaa kabla ya kuunganishwa kwa mtu mwingine. Yote matatu ni hadithi moja ya kukatika na kurudi, ila hazifanani ndani, na hapo ndipo uchaguzi wako unapoanzia.

Sasa tuelewane kinachotokea ndani ya seli, manake bila hapa kulinganisha hakuna maana. Oksijeni ikikosekana mitokondria zinashindwa kutengeneza ATP, ile nishati ya seli, seli inahamia kwenye glaikojeni yake, yaani sukari ya akiba, na kuichoma bila oksijeni, laktati inajaa, pH inashuka. Pampu za sodiamu zinaishiwa nguvu, sodiamu inaingia na maji yanaifuata, seli inavimba na ukiiweka kwenye darubini unaona malengelenge yanainuka juu ya utando wake kama chapati inayofura kwenye kikaango. Kuna kitu kingine kinajikusanya kimyakimya, saksineti, kemikali ya njiani kwenye uchomaji wa chakula ndani ya mitokondria, na mwaka 2014 Chouchani na wenzake walionyesha kwamba oksijeni ikirudi ile saksineti inachomwa kwa kasi, elektroni zinarudi kinyumenyume kwenye mitokondria na kumwaga radikali za oksijeni, chembe kali zinazounguza seli, na waliona saksineti ikijaa kwenye ini, moyo, figo na ubongo.

Ila kilichonifanya mi niipende hii kazi ni pH. Timu ya John Lemasters kule Marekani ilichukua seli za ini la panya, ikazinyima oksijeni masaa manne kwenye pH 6.2, alafu ikarudisha oksijeni lakini tindikali ikabaki palepale, na seli nyingi zikapona. Ukirudisha pH 7.4 zinakufa, na zinakufa hata kama hukurudisha oksijeni. Yaani ule uchachu tunaouona kama adui ndio ulikuwa umeshika mlango, na mwili unapousafisha haraka mlango unaachiwa: matundu yanafunguka kwenye utando wa mitokondria, umeme wake unapotea, seli inapasuka. Dawa ya siklosporini A inayazuia yale matundu, na seli zinasalimika hata kwenye pH 7.4.

Hiyo ni seli moja peke yake. Kwenye ini lenyewe kuna majirani. Kuna seli za Kupffer, wale walinzi wanaokaa ndani ya vijia vya damu, ambao kwenye masaa ya mwanzo baada ya damu kurudi ndio wanaomwaga radikali na TNF, protini inayowasha uvimbe wa kinga. Kuna seli bapa zinazotandika vijia hivyo, na hizi baridi inaziumiza kuliko inavyoumiza hepatosaiti, yaani seli zenyewe za ini, wakati ukatikaji wa damu kwenye joto la mwili unawachapa zaidi hepatosaiti. Na kuanzia kama saa sita hivi mpaka siku inayofuata wanaingia nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, kutoka kwenye damu, na hapo jeraha la pili linajengwa juu ya la kwanza.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni hivi, na nitavitumia kwa njia zote tatu bila upendeleo. Unachokiona, yaani sehemu gani ya hiyo hadithi inaonekana. Usichokiona. Kutenganisha, manake unataka kujua jeraha limeletwa na kukatika au na kurudi, na njia nyingine zinakuruhusu kuvichambua na nyingine hazikuruhusu. Muda unaoweza kufuatilia. Mkono na mfuko. Na mwisho inamfaa nani.

Seli kwenye sahani

*Unachokiona.* Ndani ya seli, na unaona vizuri kuliko njia yoyote. Unaweka rangi inayong'aa kwenye mitokondria, unakaa na darubini, unaiona dakika ile ile inapozimika. Kama swali lako ni matundu ya mitokondria, pH, kalsiamu, saksineti au dawa fulani inagusa protini gani, hapa ndipo nyumbani.

*Usichokiona.* Mtiririko, majirani, damu. Hakuna Kupffer, hakuna nyutrofili, hakuna kijia kinachoziba. Ukiandika kwenye andiko lako kwamba unasoma "kurudi kwa damu" kwa kutumia sahani, mtahini makini atakusimamisha, andika kunyimwa oksijeni na kurudishiwa oksijeni, ndicho ulichofanya kweli.

Na hapa lazima niseme kuhusu HepG2 manake wengi wanazichukua kwa sababu zipo kwenye friza na zinakua zenyewe. Zile seli zilitoka kwenye uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 wa Argentina, ni seli za saratani, na kwenye midia (maji ya kulishia seli) yenye sukari nyingi zinaishi kwa kuchoma glukosi bila kutegemea sana mitokondria. Unazinyima oksijeni masaa manne, unarudi, zinakuangalia tu. Nimeona mtu akipoteza muhula mzima akidhani dawa yake ya mitishamba inalinda ini kumbe seli hazikuwa zimeumia hata zile zisizopewa dawa. Kama huna njia nyingine, zihamishie kwenye midia ya galaktosi badala ya glukosi ili zilazimike kutumia mitokondria, alafu hakikisha kwanza kwamba jeraha lipo kabla hujaleta dawa. Seli halisi zilizotolewa kwenye ini la panya siku hiyohiyo ni kitu kingine kabisa, zinaumia kama ini linavyoumia, ila zinapoteza tabia yake ndani ya siku mbili tatu.

*Kutenganisha.* Bora sana. Rudisha oksijeni bila pH, rudisha pH bila oksijeni, rudisha vyote, visima vinne vya sahani moja na umepata jibu.

*Muda.* Dakika mpaka kama siku moja.

*Mkono na mfuko.* HepG2 nafuu. Seli halisi zinadai kolajenesi, enzaimu inayoyeyusha nyuzi zinazoshikilia seli, kwa ile njia ya kupitisha kolajenesi kwenye ini waliyoianzisha Berry na Friend mwaka 1969, na kolajenesi ni ghali, inataka baridi safari nzima, na pakiti ya leo haifanani nguvu na ya mwezi uliopita. Chini ya asilimia 85 za seli hai kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, mi simwagi kwenye sahani, naanza upya.

Mambo mawili madogo yanayoua majaribio mengi. La kwanza, midia yenyewe ina oksijeni, na plastiki ya sahani nayo ina oksijeni, kwa hiyo ukiweka seli kwenye chemba ya naitrojeni na midia ambayo hukuipitishia naitrojeni kabla, saa ya kwanza seli bado zinapumua. La pili ni LDH, enzaimu inayovuja seli ikipasuka. Mtu anamaliza kipindi cha kunyima, ananyonya midia ya zamani kwa pipeti, anaimwaga kwenye ndoo ya taka, anaweka mpya, na mwisho anapima LDH kwenye ile mpya. Seli zilizokufa kipindi cha kwanza ameshazimwaga. Weka ile midia ya kwanza kwenye tyubu, iandike, pima zote mbili, alafu pasua seli zilizobaki kwa sabuni ya Triton upate jumla.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la ndani ya seli, mwenye dawa nyingi za kuchuja, mwenye inkubeta lakini hana chumba cha upasuaji wa wanyama.

Ini zima kwenye pampu

Hii ndiyo njia kongwe na naona haipewi heshima yake. Claude Bernard mwaka 1855 aliosha ini kwa maji kupitia mishipa mpaka sukari ikaisha, akaliacha, aliporudi akakuta limetengeneza sukari tena, nje ya mwili. Maji tunayotumia leo ni ya Krebs na Henseleit, ya mwaka 1932.

*Unachokiona.* Ini lenye umbo lake. Hepatosaiti, Kupffer na seli za vijia wako mahali pao, maji yanaingia kwa vena ya potali, mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, na kutoka upande wa pili, na kila tone linalotoka unaweza kulipima: LDH, ALT, laktati, oksijeni iliyotumika. Presha ya kuingizia inakwambia vijia vimevimba au vipo wazi. Na nyongo, jamani, nyongo! Unaweka kamrija kembamba kwenye mfereji wa nyongo na kuhesabu matone, na ini likiumia matone yanapungua kabla hata enzaimu hazijapanda sana. Siku ya kwanza ukiona ini liko kwenye kisahani, halina mwili, na linadondosha nyongo ya njano tone baada ya tone, utaelewa.

*Usichokiona.* Nyutrofili na chembe sahani, manake hakuna damu. Neva hakuna, homoni hakuna, utumbo haupo kuleta bakteria wake. Lile wimbi la pili la jeraha halitokei.

*Kutenganisha.* Hapa ndipo njia hii inapopita zote kwa mtu anayesoma mtiririko. Unaweza kurudisha mtiririko ukiwa umepitishia maji naitrojeni badala ya oksijeni, kwa hiyo unajua kipi kimeletwa na maji kupita na kipi kimeletwa na oksijeni. Unaweza pia kulitunza ini kwenye nyuzi 4 ndani ya maji ya UW, yale ya Belzer na Southard wa Wisconsin, usiku kucha, na kesho ukaliamsha kwenye nyuzi 37 ukaona linavyoamka, na hiyo ndiyo picha ya karibu zaidi ya ini la kupandikizwa unayoweza kupata bila kupandikiza.

*Muda.* Masaa mawili mpaka manne. Baada ya hapo ini linachoka lenyewe, hata lile ambalo hukulikatia chochote, kwa hiyo lazima uwe na ini la ulinganisho linalopitishiwa maji muda uleule.

*Mkono na mfuko.* Mkono mwingi, mfuko wa kati. Panya mkubwa wa maabara wa gramu 250 ana ini la kama gramu 10, na linataka mililita 3 mpaka 4 kwa dakika kwa kila gramu, manake maji hayabebi oksijeni kama damu. Piga hesabu: kama hurudishi maji yaleyale, saa moja inakula kama lita mbili za maji yaliyopashwa moto na kupitishiwa oksijeni. Umeme ukikatika katikati umemaliza, kwa hiyo betri kwanza, mengine baadaye. Na mapovu. Povu moja likiingia vena ya potali linaziba sehemu, na unaliona: ini zima linageuka kutoka wekundu mzito kuwa rangi ya chai ya maziwa, sawasawa, ndani ya dakika moja, ila kuna kipande kimebaki chekundu. Kipande hicho hakipati maji. Usijidanganye kwamba kitafunguka, ini hilo liweke pembeni usilihesabu.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la Kupffer, la vijia, la nyongo, la kutunza ini kwa baridi. Na mwenye mwalimu wa karibu, manake kuingiza kanula (mrija wa kwenye mshipa) hakujifunziki kwa kusoma.

Panya hai

*Unachokiona.* Karibu hadithi nzima, mawimbi yote mawili, mpaka kupona. Unabana mishipa ya pande la kushoto na la kati kwa klipu ndogo, kama asilimia 70 ya ini inakosa damu, mara nyingi dakika 60 kwa panya mdogo, alafu unaachia na kumrudisha kwenye kizimba. Kwa nini sio ini lote? Kwa sababu ukibana lote damu ya utumbo inakosa pa kupita, utumbo unavimba, na panya anakufa kwa utumbo kabla ini halijakwambia kitu. Asilimia 30 iliyobaki inakuwa njia ya damu kupita.

*Usichokiona.* Chanzo. ALT imepanda, sawa, imepandishwa na nani? Mitokondria, Kupffer, nyutrofili, utumbo? Vyote viko pamoja. Ili utenganishe unahitaji panya waliozimwa jeni fulani au dawa inayoondoa kundi moja la seli, na hapo bei inapanda.

*Kutenganisha.* Dhaifu kwa sababu hiyohiyo, ingawa unaweza kumaliza wengine kabla hujaachia klipu ili ujue kukatika peke yake kulifanya nini. Fanya hivyo jamani. Nimesoma maandiko mengi yenye makundi mawili tu, waliopasuliwa bila kubanwa na waliobanwa kisha wakaachiwa, na hakuna namna ya kujua jeraha lilikuwepo tayari kabla klipu haijatoka.

*Muda.* Masaa mpaka wiki. Saa ya sita na ya 24 ndizo zinazotumika sana kwa ALT na kwa vipande vya darubini.

*Mkono na mfuko.* Klipu, darubini ya upasuaji, nusukaputi, kibali cha kamati ya maadili ambacho kinaweza kula miezi, na mtu wa kuwaangalia panya usiku. Lakini kinachoharibu matokeo kuliko vyote ni joto. Tumbo likiwa wazi panya mdogo anapoa kwa dakika chache, na ini lililopoa haliumii sana, kwa hiyo yule uliyemfanya asubuhi feni ikiwa imewashwa na yule wa mchana ni majaribio mawili tofauti. Kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, blanketi la joto, na andika namba kila dakika kumi. Kingine ni nusukaputi yenyewe: isoflureni inalinda ini kidogo, kwa hiyo usibadilishe dawa katikati ya utafiti. Jinsia pia, majike huwa wanaumia kidogo kuliko madume. Na chakula, panya aliyelala njaa ana glaikojeni kidogo, amua mapema wote wale au wote wasile.

Ukibana angalia rangi: pande lililobanwa linapauka waziwazi ndani ya dakika, na mpaka wake na pande zima unaonekana kama umechorwa. Usipouona huo mpaka klipu haijakaa. Ukiachia, wekundu unarudi, na kama haurudi pia andika.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la uvimbe wa kinga, la dawa inayopewa kiumbe mzima, la kuzoesha ini kwa kulibana kidogo kabla, au mwenye kikundi ambacho tayari kina kibali na mikono.

(Kuna njia ya vipande vyembamba vya ini, kama mikroni 250, inayokaa katikati ya sahani na pampu. Ni nzuri, majirani wanabaki pamoja, ila mtiririko hakuna na mashine ya kukatia ni adimu. Kama chuo chenu kinayo, fikiria.)

Sasa we uko wapi?

Kama una mmea au dawa mpya na hujui hata kama ina nguvu, anza na sahani, lakini kwa seli halisi ukiweza, na jeraha lithibitishwe kwanza. Ikionyesha kitu, beba moja au mbili tu kwenda kwa panya.

Kama unafanya kazi na madaktari wa upasuaji wanaobana ini kwa vipindi na mnataka kujua dakika 15 kwa 5 inamfanyia nini mgonjwa kesho yake asubuhi, sahani haitawajibu. Panya hai, na subira ya kibali.

Kama swali ni ini la kupandikizwa, baridi, au maji gani ya kutunzia, nenda kwenye pampu, na pima vijia na nyongo, usiishie kwenye ALT.

Kama umebakiwa na miezi sita na kibali cha wanyama hakijatoka, usikimbilie kuandika swali la nyutrofili ukalijibu kwa HepG2. Badilisha swali. Swali la pH au la saksineti linajibika kwa heshima kabisa kwenye sahani na kwa muda huo.

Kama mko wawili watatu mnaogawana msimamizi mmoja, gawaneni: mmoja sahani, mmoja pampu, dawa ileile, masaa yaleyale ya kukatia. Dawa ikilinda kwenye sahani na ikashindwa kwenye pampu, mtafuteni Kupffer.

Na kwa njia yoyote, makundi matatu: lisilokatiwa kitu, lililokatiwa tu, lililokatiwa na kurudishiwa. Chora hilo jedwali kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hujaagiza hata chupa moja ya midia.